Dakika Ishirini na Mbili kwenye Chaneli ya Tisa

Siku ya nne baada ya kumzika Tuntufye nilisimama mbele ya watu kumi na wawili waliokuja kuomba leseni ya redio, nikawafundisha kanuni ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimezivunja. Sauti yangu haikutetemeka. Nimelifundisha darasa hilo kwa miaka kumi na mmoja, na mdomo umeshaizoea kazi hata kichwa kikiwa kwingine.

"Kabla hujabonyeza kitufe unafanya nini?" niliwauliza.

"Unasikiliza," wakajibu.

"Mpaka lini?"

"Mpaka uwe na hakika hakuna anayeongea."

"Kwa nini?"

Hapo huwa wanakwama. Watu hukariri kanuni bila kuuliza zimetoka wapi. Mama mmoja wa mstari wa mbele, mkulima wa viazi mwenye udongo mbichi kwenye mabuti, alifikiri kidogo kisha akasema, "Kwa sababu ukishabonyeza, wewe mwenyewe husikii tena."

"Vizuri sana, mama," nikasema, nikageukia ubao nikajifanya nafuta kitu.

Ni kweli alivyosema. Redio ya mwananchi ina mdomo na ina sikio, ila haviwi wazi kwa wakati mmoja. Ukikandamiza kitufe useme, unakuwa kiziwi mpaka ukiachie. Na watu wawili wakibonyeza pamoja kwenye chaneli moja, mwenye nguvu nyingi humfunika mwenye nguvu kidogo, hata kama huyo mwenye nguvu kidogo ndiye anayekufa. Ndiyo maana tangu ile dhoruba ya jua ilipounguza setilaiti zote, na minara ya simu ikabaki kazi yake ni kuwapa kunguru mahali pa kukaa, sheria imempa kila mtu wati nne. Diwani wati nne, mchunga ng'ombe wati nne.

Niliendelea. Antena isimikwe mbali na nyaya za umeme, umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mlingoti wake, ili hata ikianguka isiziguse. Ukiona wingu limekuwa jeusi, chomoa waya wa antena kabla radi haijakuchomolea. Ongea dakika tano, kisha nyamaza dakika moja nzima, kwa sababu huwezi kujua nani anangoja. Usifunge mtambo wa kuongeza nguvu, ule ambao mafundi wa uchochoroni wanauita pampu. Na chaneli ya tisa ni ya dharura peke yake.

"Mwalimu," akauliza mwanamume mmoja wa nyuma, "na kama nimepata ajali, nikafungua chaneli ya tisa nikamkuta mtu mkubwa anaongea?"

"Ingilia. Sema dharura mara tatu, sema uko wapi, sema nini kimetokea. Shikamoo utaitoa ukishatolewa shimoni."

Wakacheka. Kwetu huku juu, kumwomba mtu chochote kabla hujamuuliza habari za watoto, za ng'ombe na za baridi ni kujitangaza kwamba hukulelewa. Nilicheka nao. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, kwamba nilicheka.

*

Tuntufye alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, dereva wa trekta la ushirika wetu wa viazi. Jumapili ile alikuwa anateremsha tela kwenye barabara ya ukingoni, ile inayotazama bonde la Kyela na ziwa. Kwenye kona ya tatu tela lilimsukuma kutoka nyuma, trekta likapinduka, likamlalia paja. Wanawake waliokuwa wanatoka kuchuma pareto walimkuta saa kumi na moja jioni akiwa ameshapoa. Redio ilikuwa mkononi mwake, taa yake bado inawaka.

Redio mkononi maana yake alijaribu kuita. Sasa swali la kata nzima likawa moja: nani alikuwa anasikiliza? Jibu kila mtu alilijua. Chaneli ya tisa ina kituo chake cha usikivu, na kituo hicho kina mtu mmoja, Ezekia Tweve. Ezekia alisema hakusikia kitu. Basi watu wakamalizia wenyewe kwamba alikuwa amelala. Kamati ya Masafa ikaitisha kikao Jumatatu ya wiki iliyofuata, ikaniagiza mimi nilete rekodi ya Sikio.

Sikio liko kilimani nyuma ya zahanati, ndani ya kibanda cha bati kisicho na dirisha. Ni kasha la chuma lenye antena nane, na linasikiliza chaneli zote arobaini usiku na mchana. Sauti za nje ya kata linazitupa, maana kumbukumbu yake ni ndogo na ndivyo lilivyoagizwa. Za ndani ya kata linazitunza mwezi mzima. Lakini kazi yake hasa, iliyolifanya liogopwe, ni kuchambua. Zamani sauti mbili zikigongana, ile ya chini ilikuwa ikipotea moja kwa moja. Sikio linazitenganisha, kila moja kwenye tabaka lake, ukataka kusikia ya juu unasikia, ukataka ya chini unasikia.

Ndilo pia linalonyamazisha. Kila redio inayouzwa siku hizi ina kidude ndani kinachoitwa koo. Mtu akivunja sheria sana, jina lake linaingizwa kwenye Sikio, na kuanzia hapo koo la redio yoyote atakayoishika, ya kwake, ya kuazima, popote nchini, halitaipitisha sauti yake. Atasikia wenzake tu. Katika kata yetu walionyamazishwa ni wawili, nao hutembea na filimbi shingoni, wakianguka mahali wapulize.

Mtu pekee anayejua kuliendesha Sikio ni mimi, Atuganile Mwaipaja, fundi na mwalimu wa masafa. Jumatano, siku moja baada ya mazishi, nilijifungia kibandani nikafungua Jumapili, saa tisa alasiri, chaneli ya tisa. Sauti ya kwanza niliyoikuta ilikuwa yangu.

Sikushangaa. Nilijua nitajikuta. Mama yangu anaishi Kyela, chini kabisa kwenye joto na mpunga, nami niko Kitulo kwenye ukungu na viazi, na kati yetu kuna mteremko ambao wati nne haziuwezi. Kwa hiyo mwaka juzi nilikusanya vipuri kutoka kwenye mnara mmoja wa simu nikasimika antena ndefu ya kuidaka sauti yake, nikajitengenezea pampu ya wati mia mbili, nikawa naificha kwenye debe la unga. Redio ya mama ni kuukuu, haina hata koo, na kitufe chake cha kubadilishia chaneli kilivunjika, ikabaki imekwama kwenye tisa. Nilijiambia yale ambayo kila mvunja sheria hujiambia. Ni Jumapili tu. Ni muda mfupi. Chaneli yenyewe haina mtu.

Muda mfupi, na mama yangu! Mama ukimwamkia anapokea, halafu anaanza: za nyumbani, za kazi, mjomba wako Anyosisye mguu umevimba tena, mbuzi amezaa, huko juu mmevaa makoti? Kisha anarudi kwenye za nyumbani kwa kuwa ameshasahau kama aliuliza. Hajui habari ya kupeana zamu. Hubonyeza anapojisikia, hata mimi nikiwa bado naongea, na maneno yake mengine nayakosa kabisa. Kumkata siwezi. Ana miaka themanini na mmoja, na mimi ndiye mtoto aliyebaki.

Jumapili ile tuliongea dakika ishirini na mbili. Nikaliagiza Sikio lifungue tabaka la chini.

Dakika ya tatu, chini ya sauti yangu inayoeleza jinsi wadudu walivyoingia kwenye kabichi, kulikuwa na sauti ya binti. "Samahani. Shikamoo bibi. Naomba nafasi kidogo, nina shida."

Mimi niliendelea na kabichi.

Kidogo ikaja tena, "Haya bibi. Nasubiri."

Nililisimamisha Sikio, nikakaa chini sakafuni. Nilielewa haraka kuliko nilivyotaka. Alikuwa upande wa mteremko unaotazama Kyela, kwa hiyo alimsikia mama vizuri kuliko nilivyomsikia mimi. Alisikia kikongwe anaamkiana na mwanawe, akaona haya kuwakatiza.

Niliporudi kusikiliza kulikuwa na kubonyeza bila maneno, mara mbili, pumzi tu. Dakika ya kumi na saba akauliza taratibu, "Bado, bibi?" Hakuwa analia. Alikuwa na sauti ya mtu aliyekaa kwenye baraza la watu, anayeogopa kuonekana msumbufu. Baada ya hapo tabaka lake halikuwa na kitu, na juu yake mimi nilikuwa nacheka kwa sababu ya mbuzi.

Mganga wa zahanati alikuwa amesema msibani, mbele ya watu, kwamba ni mshipa wa paja, na kwamba kama angefungwa ndani ya robo saa angeishi. Kutoka kituo cha Ezekia mpaka kona ya tatu ni dakika nane kwa pikipiki. Ningenyamaza dakika moja tu baada ya tano, kama ninavyofundisha kila Jumamosi, angesikika. Nilimuua kwa habari za kabichi.

Kitufe cha kufuta kiko upande wa kulia. Niliweka kidole juu yake nikakaa hivyo muda mrefu. Sikufuta. Ila sikumwambia mtu pia, na Jumamosi nikaenda kufundisha.

*

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa Ezekia. Sikumpigia mama siku hiyo. Pampu ilikaa ndani ya unga wake.

Kituo cha usikivu ni nyumba ndogo ya mbao yenye meza, redio mbili na kitanda ambacho hakijawahi kutandikwa. Mtu fulani alikuwa ameandika LALA kwa mkaa kwenye mlango. Ezekia alikuwa ameusugua, lakini mkaa kwenye mbao hautoki.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mwalimu. Karibu kiti."

Tukasalimiana zote, za nyumbani, za ibada, za baridi, hata siku ile. Ni mtu wa miaka arobaini na kitu, msafi, mwenye maneno machache, na daftari lake la zamu lilikuwa na mistari iliyonyooka kwa rula.

"Kaka Ezekia, kesho utasema nini?"

"Nitasema nilisinzia."

"Ulisinzia?"

Alilifunga daftari polepole. "Mwalimu, tangu nikalie kiti hiki sijasinzia hata siku moja. Wewe unajua."

"Sasa kwa nini useme hivyo?"

"Ulipoanza kuongea na mama nilipunguza sauti."

"Ulikuwa unanisikia?"

"Kila Jumapili, tangu mwaka juzi. Pampu yako ile inaingia hapa mpaka meza inatetemeka." Alitabasamu kidogo. "Mtu anaongea na mama yake, mimi nikae hapa natega sikio nisikie habari zenu za ndani? Si adabu. Kwa hiyo napunguza sauti, natoka nje napalilia vitunguu. Nikiona taa ya redio imezimika najua mmemaliza, narudi."

"Ungenishitaki."

"Ningemshitaki nani, na kwa lipi? Niende kwa mwenyekiti niseme Mwalimu anamwamkia mama yake?"

Nikamwambia kilichokuwa kwenye tabaka la chini. Nilimwambia neno kwa neno. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na nilipofika kwenye "Bado, bibi?" akaweka kiganja machoni.

"Basi tumemuua sisi sote wawili," akasema. "Wewe ulimfunika, mimi nilikuwa kwenye vitunguu."

"Kosa ni langu."

"Sikiliza, Mwalimu. Kata sita zina fundi mmoja. Wakikunyamazisha, redio za watu zikiharibika, utazijaribuje wakati hazikupokei? Na mama yako Jumapili atasikia nini? Mimi redioni sina wa kuongea naye. Wakininyamazisha nitalima. Wameshaniandika mlangoni, imebaki kunivisha filimbi tu." Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Lete rekodi ya tabaka la juu la chaneli nyingine, sema Sikio lilikuwa na hitilafu. Nani atajua? Mmoja anatosha."

Nikiri. Nilifurahi. Haikuwa furaha ya kucheka, ila nusu ya njia ya kurudi nilitembea mwepesi kabisa, nikiwaza nitakavyompigia mama Jumapili ijayo na nitakavyozingatia dakika tano. Hata hilo nililipanga, dakika tano.

Pale bombani kulikuwa na akina mama wanachota maji. Mmoja alilaza shavu kwenye ndoo akakoroma, akasema, "Chaneli ya tisa, nawasikilizaaa," na wenzake wakacheka mpaka wakashikana. Kisha wakaniona. Wakajiweka sawa, wakapiga magoti kidogo. "Shikamoo, Mwalimu."

Niliitikia. Neno la marahaba halijawahi kuwa zito mdomoni mwangu kama siku ile. Nilifika nyumbani, nikalimwaga debe la unga juu ya meza.

*

Kikao kilikaa kwenye ukumbi wa kata saa nne asubuhi. Watu walijaa mpaka nje. Mwenyekiti wa Kamati ya Masafa, Tulibako Mwakalinga, ni mtu wa kwenda moja kwa moja kwenye jambo. Alimtaka Ezekia asimame.

"Bwana Tweve, Jumapili ile, kati ya saa tisa na saa kumi, ulikuwa wapi?"

"Kituoni."

"Ulisikia mwito wowote?"

"Hapana. Nilisinzia."

Ukumbi ukaguna kwa pamoja. Baba yake Tuntufye, mzee Lazaro, alikuwa ameketi mbele amevaa koti lake la msibani, na hakugeuka hata kumtazama.

Nilisimama bila kuitwa. Nikaiweka pampu mezani kwa mwenyekiti, ingali na unga kwenye mapezi yake ya kupoozea.

"Ezekia hakusinzia," nikasema. "Anadanganya kwa ajili yangu. Hii ni ya kwangu, nimeitengeneza mwenyewe. Jumapili ile nilikuwa kwenye chaneli ya tisa naongea na mama yangu, kwa wati mia mbili, dakika ishirini na mbili. Tuntufye aliita. Nilimfunika."

Nikafungulia rekodi niliyoitoa kwenye Sikio, kwanza tabaka la juu ili wasikie ni mimi, kisha la chini. Ukumbi mzima ukamsikia akiomba nafasi, akisema haya, akisema anasubiri.

"Zima, Mwalimu," mwenyekiti akasema. "Inatosha."

"Usizime," akasema mzee Lazaro.

Nikaiacha iende mpaka mwisho. Zile pumzi mbili. Lile swali. Kisha mzee Lazaro akaongea, hakuongea na mimi wala na mwenyekiti, aliongea akitazama sakafu.

"Nilimfundisha mimi. Tangu yuko mdogo. Nilimwambia wakubwa wakiongea hukatizi, unakaa pembeni unangoja. Siku moja nilimchapa kwa hilo."

Afadhali angenipiga mimi. Nilitaka anitukane, nikasimama pale nikingoja, naye akatoa leso akafuta uso na kuirudisha mfukoni. Niliomba radhi. Nililisema neno hilo mara tatu na kila mara lilizidi kuwa dogo. Mwishoni nikaapa mbele yake kwamba sitaficha tena jambo lolote linalomhusu mwanawe, kwa mtu yeyote, maisha yangu yote. Aliitikia kwa kichwa.

Hukumu haikuchukua muda. Ezekia alipewa karipio kwa kupunguza sauti, na akaachwa kwenye kiti chake. Mimi, kunyamazishwa maisha. Mwenyekiti aliisoma, kisha akavua miwani, maana palikuwa na tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria.

"Nani anajua kuliagiza Sikio?"

"Mimi tu," nikasema.

Tukapanda kilimani mimi, yeye na Ezekia. Mlangoni mwenyekiti akasimama. "Mwalimu, sisi si wanyama. Ukitaka kumuaga mama yako kwanza, tutakupa dakika tano. Tutatoka nje."

Nilitamani sana. Siwezi kueleza nilivyotamani.

"Redio yake iko kwenye tisa," nikasema. "Chaneli ya tisa si ya kuagana."

Nikaitafuta sauti yangu kwenye orodha, ya mia nne na kumi na saba, nikaiwekea alama, nikabonyeza. Sikio likaniuliza kama nina hakika, kama linavyouliza siku zote. Nikabonyeza tena. Mwenyekiti akanipa redio yake ya mkononi ili tuhakikishe, ndivyo utaratibu unavyotaka.

"Sema kitu."

Nilibonyeza, nikasema, "Atuganile Mwaipaja, Kitulo." Taa nyekundu haikuwaka. Kwenye redio ya Ezekia, hatua mbili kutoka nilipokuwa, hakukutoka hata mkwaruzo. Mwenyekiti akatoa filimbi mfukoni. Ezekia ndiye aliyenivisha, na kamba yake ilikuwa ndefu mno, akaipiga fundo nyuma ya shingo yangu.

*

Lori la mchele hushuka Kyela kila Alhamisi. Linapita kona ya tatu. Dereva alipunguza mwendo pale bila kuambiwa na akazima muziki, na abiria wote tukatazama upande mmoja. Walikuwa wamelitoa trekta. Kulikuwa na majani yaliyolala na shada la maua ya pareto lililoanza kukauka.

Kutoka pale mpaka chini nilikuwa napanga maneno. Nitamwambia mama yote, kwa mpangilio, kuanzia pampu. Nilishamwapia mzee Lazaro, na nilikuwa nimeshaona kwamba ukweli ukiusema unaumiza ila unakuacha unapumua. Nilianza hata kuona fahari kidogo juu ya ukweli wangu. Mtu ni kiumbe cha ajabu.

Nilimkuta mama kwenye mkeka, kivulini nyuma ya jiko, anapeta mchele. Aliniona nikiwa mlangoni na hakushtuka. Nikapiga magoti, nikamwamkia, akapokea, tukaanza. Za huko, za safari, mjomba Anyosisye mguu umepungua. Ana kwa ana mama anaongea polepole zaidi kuliko redioni. Nilikuwa nimesahau.

"Jumapili hukuniita," akasema.

"Ndiyo, mama. Sitaweza kukuita tena. Nimenyamazishwa."

Alisimamisha ungo. Akatazama filimbi. "Ni ile pampu yako?"

"Ulikuwa unajua?"

"Mimi ni mzee, Atu, si mjinga. Nani mwingine huko juu anasikika huku?" Alitikisa kichwa, akaanza tena kupeta. "Nilijua iko siku watakukamata. Lakini nilikuwa napenda Jumapili, kwa hiyo nilinyamaza. Basi na mimi nina kosa."

Nikavuta pumzi niendelee na sehemu ya pili. Yeye akanitangulia.

"Ngoja, nisije nikasahau. Yule binti hajambo?"

"Binti gani, mama?"

"Yule aliyeniamkia siku ile ya kabichi. Mgeni wako. Wewe ulikuwa unaongea tu, husikii la mtu, yeye akapenya katikati akaniamkia vizuri. Nikabonyeza nikamwambia, marahaba mjukuu wangu, kaa usubiri kidogo, namalizana na mwanangu kwanza, nikimaliza nitakuita. Akaitika, haya bibi. Ana adabu yule." Alipuliza makapi pembeni. "Halafu nikasahau. Tukaongea weee, nikazima redio nikaenda kulala zangu. Usiku ndiyo nikakumbuka kwamba sikumwita. Nimejilaumu siku zote hizi, Atu. Mtoto wa watu amekaa ananingoja mimi. Hakukasirika?"

Nilitazama mikono yake. Ilikuwa inachambua mchele bila msaada wa macho, punje moja moja, chuya huku, nzuri kule. Kiapo changu kwa mzee Lazaro hakikuwa na hata siku nne.

"Hakukasirika," nikasema.

"Na hajambo?"

"Hajambo, mama. Anakusalimia."

Uso wake ukalegea, ule wasiwasi wa siku zote hizo ukamtoka, nami nikauona unavyomtoka na kuhamia kwangu.

"Nimezipokea," akasema. "Mwambie nimekosa, bibi yake kichwa kimezeeka. Siku akija kwako tena aniite. Nitamsikiliza yeye kwanza."

Nikamwambia nitamwambia.